Mvua ya Miaka Mia Yaweza Kunyesha Mwaka Huu: Kupima na Kutabiri Majanga Makubwa Nyanda za Juu Kusini

Milimita 50 za mvua ndani ya saa 24 ni lita 50 juu ya kila mita moja ya mraba. Kwenye hekta moja ni lita 500,000, sawa na maboza 50 ya lita 10,000 yakimwagwa shambani mwako kati ya asubuhi moja na nyingine. Hicho ndicho kiwango ambacho Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hukitaja inapotoa angalizo la mvua kubwa. Maji hayo yakinyesha kwenye majaruba ya Usangu, mpunga unanawiri. Yakinyesha juu ya mteremko uliokatwa ili kupata kiwanja, yanaweza kushusha kilima chote kitandani mwa mtu. Kipima mvua kitasoma namba ile ile sehemu zote mbili.

Ndiyo maana wataalamu wa maafa hutenganisha maneno matatu ambayo barazani tunayachanganya. Janga ni tukio lenyewe: mvua, tetemeko, poromoko. Maafa ni madhara ambayo watu wameshindwa kuyabeba wenyewe. Hatari iko katikati, nayo hupimwa kabla ya tukio: uwezekano wa janga kutokea, mara watu na mali zilizo njiani, mara udhaifu wao. Kimojawapo kikiwa sifuri, hatari nayo ni sifuri. Poromoko kwenye korongo lisilo na mtu halina maafa. Aprili 2024 tope la Mlima Kawetere liliposhuka Itezi, jijini Mbeya, lilikuta nyumba na shule zimejengwa chini yake. Kati ya vitu hivyo vitatu, mvua ndiyo pekee ambayo hakuna kikao cha mtaa kinachoweza kuipunguza. Viwili vilivyobaki vimo mikononi mwetu.

Miaka mia ya nani?

Mhandisi akisema daraja limejengwa kwa "mvua ya miaka 100", wengi huelewa kwamba mvua hiyo ikishanyesha, wajukuu ndio watakaoiona tena. Sivyo. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 1 wa mvua hiyo kufikiwa au kuzidiwa. Chukua kikapu chenye punje 100 za mahindi, 99 nyeupe na moja ya njano. Kila mwaka unafumba macho, unachota punje moja, unaitazama, unairudisha. Ukitoa ya njano mwaka huu, mwakani kikapu bado kina punje zile zile.

Sasa hesabu kwa umri wa nyumba. Uwezekano wa kupita mwaka mmoja salama ni 0.99. Kupita miaka 30 salama ni 0.99 ikizidishwa kwa yenyewe mara 30, yaani 0.74. Kwa hiyo nyumba itakayokaa miaka 30 kwenye eneo la mafuriko ya miaka 100 ina asilimia 26 ya kuyaona, zaidi ya moja kwa nne. Ikiwa eneo ni la mafuriko ya miaka 50, inafika asilimia 45. Mtu anayesema "nimekaa hapa miaka 20, sijawahi kuona maji" anasema kweli, ila kwa mafuriko ya miaka 50 watu wawili kati ya watatu wangeweza kusema hivyo hivyo. Ushuhuda wake haupimi usalama wa kiwanja.

Namba hizi hutoka wapi? Hutoka kwenye madaftari ya mvua, na hesabu yenyewe si ngumu. Kwanza, chukua mvua kubwa kuliko zote ya siku moja katika kila msimu. Anzia Julai hadi Juni, usianzie Januari, kwa sababu msimu wetu unaanza Novemba na kuishia Aprili au Mei. Ukikata kalenda Desemba 31 unaupasua msimu mmoja vipande viwili. Pili, tafuta wastani wa hizo namba na mtawanyiko wake sanifu (standard deviation), yaani kipimo cha jinsi namba hizo zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani. Tatu, tumia kanuni iliyopewa jina la mtaalamu wa hisabati Emil Gumbel: wastani, jumlisha mtawanyiko mara kigezo. Kigezo ni 1.305 kwa mvua ya miaka 10, 2.044 kwa miaka 25, 2.592 kwa miaka 50 na 3.137 kwa miaka 100.

Tuseme, kwa mfano tu, kituo chenye kumbukumbu za miaka 30 kina wastani wa milimita 62 na mtawanyiko wa 18. Mvua ya siku moja ya miaka 10 inakuwa milimita 85, ya miaka 25 ni 99, ya miaka 100 ni 118. Hapo ndipo wengi huweka kalamu chini, na ndipo makosa huanza. Kwa kumbukumbu za miaka 30 pekee, ile 118 ina kosa la kukadiria la takribani milimita 25 juu au chini. Ukweli unaweza kuwa 93, unaweza kuwa 144. Yaani mvua unayoiita ya miaka 100 inaweza kuwa ile ambayo mwenzako, kwa daftari lingine la kilima cha pili, anaiita ya miaka 25. Ripoti yoyote ya mradi inayotoa namba moja bila kutaja upana wa kosa lake irudishwe kwa aliyeiandika.

Kuna hila nyingine tatu za daftari. Ya kwanza ni kwamba siku ya janga kubwa ndiyo siku kifaa husombwa, hufurika au msomaji hushindwa kukifikia. Pengo linalobaki hujazwa "hakuna taarifa", na baadaye mtu asiye makini hulisoma kama sifuri. Ya pili ni umbali: mvua ya radi inaweza kuwa na upana wa kilomita chache tu, ikapita kati ya vituo viwili bila kupimwa na chochote. Ya tatu ni joto. Hewa iliyopata nyuzi 1 ya Selsiasi zaidi inaweza kubeba mvuke kiasi cha asilimia 7 zaidi, kwa hiyo mvua kubwa za kesho hazichotwi kutoka kikapu kile kile cha babu. Punje za njano zinaongezwa.

Hata mvua isipobadilika, ardhi hubadilika. Mafundi wa mitaro hukadiria mafuriko ya bonde dogo hivi: mgawo wa maji yasiyozama, mara ukali wa mvua kwa milimita kwa saa, mara eneo kwa hekta, gawa kwa 360. Jibu ni mita za ujazo kwa sekunde. Bonde la hekta 80 lenye msitu, mgawo 0.3, mvua ya milimita 60 kwa saa: mita za ujazo 4 kwa sekunde. Fyeka msitu, weka mabati na njia zilizoshindiliwa, mgawo ukapanda hadi 0.6: mita za ujazo 8. Kalavati lililotosha miaka ishirini iliyopita sasa linapokea maji maradufu, na wakazi wanalaumu mvua.

Mteremko hauangushwi na mvua ya siku moja tu

Hapa inafaa tukae kidogo, kwa sababu maporomoko ndiyo yanayoeleweka vibaya zaidi katika milima yetu.

Udongo kwenye mteremko hushikiliwa na msuguano kati ya chembe zake pamoja na mizizi. Maji yakiingia hufanya mambo mawili kwa pamoja: huongeza uzito, na hujaza matundu kati ya chembe hadi yaanze kuzisukuma ziachane. Msukumo huo ukikaribia uzito unaozibana chembe, msuguano unaisha na udongo unatembea kama uji. Udongo wa Rungwe na sehemu za Mbeya umetokana na majivu na mawe mepesi ya volkano. Una matundu mengi na hunywa maji sana, jambo jema kwa viazi na chai. Lakini chini yake mara nyingi kuna tabaka gumu lisilopitisha maji. Maji hukusanyika juu ya tabaka hilo, mahali ambapo jicho halifiki.

Kwa sababu hiyo kinachotangulia ni muhimu kama kinachonyesha leo. Kipimo rahisi cha unyevu uliomo mtelemkoni kinachotumika duniani kote ni hiki: chukua hesabu ya jana, izidishe kwa 0.9, ongeza mvua ya leo. Ikinyesha milimita 30 kila siku kwa siku tano, hesabu inapanda 30, 57, 81, 103 hadi 123. Siku tano za jua zikifuata, inashuka hadi kama 73, hairudi sifuri. Mvua ya milimita 40 ikija siku inayofuata, juu juu inaonekana ya kawaida, kumbe mteremko umeshabeba mzigo wa siku kumi. Kwa msimu wetu mmoja mrefu, ndiyo maana Machi na Aprili huwa na hatari kuliko Desemba hata kama mvua moja moja zinalingana. Kiwango cha hatari hakikopwi kutoka nchi nyingine. Hupatikana kwa kulinganisha hesabu hiyo na tarehe ambazo miteremko ya eneo lenyewe ilidondoka.

Mwinuko hupimwa kwa ubao wa mita 1, pima maji ya fundi na rula. Laza ubao mpaka pima maji ikae sawa, ncha ya juu ikigusa ardhi, kisha pima kutoka ncha ya chini hadi ardhini. Sentimita 27 ni nyuzi 15, sentimita 36 ni nyuzi 20, sentimita 58 ni nyuzi 30. Pima sehemu kadhaa, maana mteremko mmoja huwa na migongo na mabonde.

Makosa ya ujenzi ni yale yale kila mahali. Fundi hukata kilima kusawazisha kiwanja, anaacha ukuta wa udongo uliosimama wima nyuma ya nyumba, kifusi anakimwaga upande wa chini bila kukishindilia. Nusu ya nyumba sasa inakaa kwenye ardhi ya asili, nusu kwenye kifusi kitakachotitia. Maji ya bati yanadondokea chini ya ukuta uleule uliokatwa. Choo cha shimo kinachimbwa upande wa juu, kinalowesha mteremko mwaka mzima. Halafu mwenye nyumba akiona ufa juu ya kilima anachimba mtaro wa kukinga maji bila kuusakafia. Mtaro huo unageuka birika linaloingiza maji moja kwa moja kwenye ufa. Mtaro wa kukinga ama usakafiwe na kutolewa hadi kwenye korongo, ama usichimbwe. Ufa wenyewe uzibwe kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa na kufunikwa turubai mpaka mtaalamu afike.

Dalili za kutazama ni nyufa zenye umbo la mwezi mchanga juu ya mteremko, miti au nguzo zilizoanza kuinama, milango iliyoanza kukwama ghafla, na chemchemi mpya au ya zamani iliyogeuka tope. Dalili moja ni kali kuliko zote: mto ukipungua ghafla huku mvua ikiendelea, juu kuna kitu kimeuziba. Kikiachia, tope hufuata njia ya korongo na kwenda mbali kuliko watu wanavyodhani. Desemba 3, 2023 tope lililoanzia Mlima Hanang liliingia mji wa Katesh na kuua watu zaidi ya 80, na Katesh iko chini, siyo mlimani. Kwa hiyo anayeishi tambarare kwenye mdomo wa korongo asijihesabu salama kwa kuwa kiwanja chake hakina mteremko. Utambarare huo mara nyingi umetengenezwa na matope ya zamani. Ukisikia mngurumo, toka pembeni na kupanda. Usikimbie kufuata korongo kuteremka.

Utabiri unasema nini hasa

Vituo vikubwa vya utabiri havipigi hesabu mara moja. Kituo cha Ulaya cha utabiri wa masafa ya kati huendesha modeli yake, yaani hesabu ya anga inayopigwa na kompyuta, mara 51 kwa kuanzia na hali zinazotofautiana kidogo kidogo, kwa sababu kosa dogo la leo hukua likawa kubwa baada ya siku chache. Kama mara 10 kati ya 51 zinaleta mvua kubwa, uwezekano ni kama asilimia 20. Modeli hiyo huigawa dunia katika miraba ya takribani kilomita 9. Ziwa Nyasa liko karibu mita 475 juu ya usawa wa bahari na kilele cha Rungwe karibu mita 2,960, ndani ya umbali usiofika kilomita 60. Mlima wenye mabonde yake yote unabanwa kwenye miraba michache, kingo zake zinalainishwa, na mvua inayosukumwa juu na mteremko hupungua kwenye karatasi. Mtaalamu wa kituo cha hapa anayejua upepo wa ziwani hurekebisha, lakini hakuna anayeweza kusema siku tatu kabla kwamba itanyesha Kiwira na si Isongole.

TMA hutoa pia utabiri wa athari kwa siku tano, wenye rangi: njano kwa angalizo, chungwa kwa tahadhari, nyekundu kwa tahadhari kubwa. Rangi hiyo imechanganya mambo mawili, uwezekano wa kutokea na ukubwa wa athari, nayo yameandikwa pembeni kila moja kwa kiwango chake. Njano inaweza kuwa "uwezekano mdogo, athari kubwa". Anayesoma rangi bila kusoma maneno hayo mawili amesoma nusu ya ujumbe, na kwa mtu aliye chini ya korongo ile nusu aliyoiacha ndiyo yake.

Utabiri wa msimu ni kitu kingine kabisa. Hugawa uwezekano kwa mafungu matatu: chini ya wastani, wastani, juu ya wastani. Ukisikia asilimia 45 juu, 35 wastani na 20 chini, bado msimu mmoja kati ya mitano kama huo utakuwa mkavu, na utabiri hautakuwa umekosea. Tena unahusu jumla ya msimu. Hausemi lolote kuhusu siku moja kali. Msimu wenye mvua chini ya wastani unaweza kuwa na usiku mmoja wa milimita 90. El Niño nayo isichukuliwe kama tangazo la mafuriko hapa. Mara nyingi huleta mvua nyingi kaskazini mwa Tanzania na ukame kusini mwa Afrika, nasi tuko mpakani, ishara yake kwetu ni hafifu.

Basi uchukue hatua kwa asilimia ngapi? Kuna kanuni nzuri ambayo haifundishwi vya kutosha: gawa gharama ya hatua kwa hasara utakayoiepuka. Uwezekano ukizidi jibu, chukua hatua. Mkulima wa Kyela ana magunia 20 ya mahindi karibu na Mto Songwe. Tuseme kuyahamisha kwa guta na vibarua ni shilingi 60,000, yakilowa anapoteza 1,200,000. Jibu ni 0.05. Utabiri wa asilimia 10 tu unatosha kumfanya ahame, ingawa mara tisa kati ya kumi atakuwa amehama bure. Jirani yake anafikiria kuvuna viazi vichanga na kupoteza 500,000 ili kuokoa 1,000,000. Yeye asubiri uwezekano uzidi asilimia 50. Utabiri mmoja, kijiji kimoja, maamuzi mawili tofauti, na wote wako sahihi. Kwa uhai hesabu ni fupi zaidi: kulala kwa shangazi ng'ambo ya kilima usiku mmoja hakugharimu kitu cha kulinganishwa.

Kanuni hiyo hiyo inaeleza kwa nini tahadhari nyingi za matukio adimu zitaonekana "zimedanganya". Siku za mvua kali kabisa ni mbili au tatu kwa msimu. Kuzinasa zote lazima utangaze na siku nyingine kadhaa zitakazopita shwari. Ofisi ikilaumiwa kwa kila siku iliyopita salama, itajifunza kunyamaza, na siku ya kweli itanyamaza pia. Mwenyekiti wa mtaa afuate njia ya kati: kwa njano apange hatua zisizo na gharama, kama kusafisha makalavati na kuhakiki nani ana mgonjwa au mzee asiyetembea, kwa chungwa watu wa makorongoni walale kwingine.

Tetemeko, volkano na hewa ya ardhini

Tetemeko halitabiriki kwa tarehe. Yeyote anayetaja siku na saa hana msingi. Kinachojulikana ni kwamba Mbeya imekaa panapokutana matawi ya bonde la ufa la Rukwa, Nyasa na Usangu. Kwamba Desemba 13, 1910 eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko la ukubwa wa takribani 7.4, miongoni mwa makubwa kuliko yote yaliyopimwa Afrika Mashariki. Na kwamba Desemba 2009 Karonga, ng'ambo ya mpaka nchini Malawi, ilitikiswa mfululizo kwa siku nyingi hadi kufikia takribani 6. Kwa kawaida kila ukubwa ukipanda kwa 1, matetemeko hupungua mara 10 lakini nishati huongezeka kama mara 32. Wahandisi wengi hutumia mtikisiko wenye asilimia 10 ya kuzidiwa ndani ya miaka 50, ambao kwa hesabu ya kikapu ni wa miaka 475. Kinachoua ni ukuta. Mkanda wa zege wenye nondo unaozunguka nyumba nzima juu ya madirisha, bila kukatika kwenye kona, ndio ununuzi bora kuliko utabiri wowote.

Volkano ni afadhali kidogo, kwa kuwa hutoa ishara: matetemeko madogo mengi, ardhi kuvimba, gesi kubadilika. Kyejo ilimwaga lava mnamo 1800 hivi, na Rungwe ililipuka kwa nguvu sana yapata miaka 4,000 iliyopita. Miaka 200 ya kimya kwa volkano ni usingizi mfupi. Lililo karibu zaidi na maisha ya kila siku ni kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini sehemu kadhaa za Rungwe. Ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa, haina rangi, na hutuama kwenye mashimo asubuhi zisizo na upepo. Ukikuta ndege au wadudu wamekufa bondeni, usiteremke, na mtoto asitumwe kufuata ndama. Mshumaa unaoendelea kuwaka si ushahidi wa usalama: binadamu hupoteza fahamu kabla haujazimika.

Daftari la mtaa

Kipima mvua cha kuanzia ni kopo lenye kuta zilizonyooka na rula. Liweke mdomo wake ukiwa sentimita 30 hadi mita 1 juu ya ardhi, mbali na mti au nyumba angalau mara mbili ya urefu wa kizuizi hicho. Ukitumia faneli juu ya chupa, gawa kipenyo cha faneli kwa cha chupa, kisha zidisha jibu kwa lenyewe: faneli ya sentimita 20 juu ya chupa ya sentimita 8 ni 6.25, hivyo milimita 125 ndani ya chupa ni mvua ya milimita 20. Soma saa 3 asubuhi kila siku, mwaga, andika. Andika na sifuri, kwa sababu siku isiyoandikwa si siku kavu. Pembeni weka safu moja ya yaliyotokea: ufa ulioongezeka na kwa sentimita ngapi, maji yalipofika kwenye nguzo ya daraja, poromoko na saa yake. Nakala moja iende kwa mtendaji wa kata, nyingine kwa bodi ya maji ya bonde lenu, iwe ya Ziwa Nyasa, Ziwa Rukwa au Rufiji. Misimu mitano ya daftari kama hilo haitoshi kukokotoa mvua ya miaka 100, ila inatosha kujua ni kwa hesabu ipi ya unyevu mteremko wenu huanza kufunguka.